Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kukimbia, kamera na habari, majibu yote hapa

Wapendwa habari za majukumu. Naulizwa maswali yaleyale dukani, kwenye simu, njiani hata nikiwa nahema, sasa nimeamua kukaa chini nijibu yote kwa pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu maana yananigusa, mengine mstari mmoja unatosha.

Wewe ni nani hasa, mwanariadha, mpiga picha au mwandishi wa habari?

Hakuna hata kimoja nakifanya kwa kulipwa. Nina miaka 38, nauza pembejeo duka moja Uyole hapa Mbeya, mbolea na mbegu na dawa za viazi, na nyumbani ni upande wa Itezi. Nilianza kukimbia mwaka 2016 baada ya kujifungua mtoto wa pili, mgongo ulikuwa unauma nikaambiwa nifanye mazoezi, nikaanza kwa kutembea mpaka viwanja vya Nanenane na kurudi. Kamera ilikuja baadaye, na habari nimezikuta kwa baba, kila jioni redio inawashwa, Idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani au London, na hakuna mtu kuongea mpaka taarifa iishe.

Sasa hivi vitu vitatu vinahusiana nini?

Kwangu mimi ni kitu kimoja. Ukikimbia unafika sehemu ambayo gari haiendi na unapita polepole kiasi cha kuona, kamera inakusimamisha uangalie vizuri, na kufuatilia habari kunakufanya uulize kwa nini hiki kiko hivi na jana hakikuwa hivi. Mfano barabara yetu kuu, huu upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29. Wengine wameusikia kwenye taarifa ya habari, mimi nimeukimbia tangu greda linaanza kukwangua, nina picha za sehemu ileile kila mwezi, nimesimama palepale, naona mti uliokuwepo, kibanda cha chipsi kilichohamishwa, mtaro ulipochimbwa na maji yalipohamia. Ukinipa redio peke yake hayo yote siyapati.

Unakimbia kilomita ngapi kwa wiki?

40 mpaka 50. Nikiwa najiandaa na kilomita 42 nafika 65. Siku nne tu, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi fupi, na Jumapili ndio ile ndefu.

Nimetoka Dar juzi, nimekimbia kilomita tatu tu pumzi imekata kabisa, nina ugonjwa?

Pole kaka, huumwi. Hili naulizwa sana na wanachuo na watumishi waliohamishiwa huku. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi, ule mgandamizo wa hewa unashuka kama asilimia 18 ukilinganisha na pale Kivukoni, maana yake kila ukivuta pumzi oksijeni unayopata ni pungufu. Mwili unajirekebisha wenyewe, mwanzoni kwa kuhema haraka na moyo kupiga zaidi, halafu taratibu unatengeneza chembe nyekundu za damu za ziada, ila hiyo inataka wiki kadhaa na sio siku mbili. Wiki mbili za kwanza kimbia kwa kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima, mlima ukikushinda tembea, hamna aibu. Ila kama kifua kinabana au unaona kizunguzungu ukiwa umekaa tu, hapo nenda hospitali, usingoje ushauri wangu.

Na msidhani mwinuko ni kitu cha kudharau. Mzee wetu John Stephen Akhwari mwaka 1968 kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, pale ni mita 2,240, alibanwa misuli njiani, akaanguka akaumia goti, na bado akamaliza. Mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia alitumia 2:20:26, Akhwari aliingia kwa 3:25:27, saa nzima na zaidi nyuma, giza limeingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani. Leo dunia nzima inamjua kwa sababu kulikuwa na kamera ikamngoja. Hilo huwa nalifikiria sana ninaposimama mwisho wa mbio, watu wameshaanza kukunja mabango na kuna mama au mzee bado anakuja. Mimi siondoki mpaka huyo apite.

Njia gani nzuri za kukimbia hapa Mbeya?

Kwa anayeanza, Forest. Kuna miti, barabara zimetulia, na asubuhi unakutana na wenzio. Ukizoea nenda Iganzo na njia za juu kuelekea Loleza, pale miguu itapata kazi. Upande wangu napenda kutoka Uyole kuelekea Igawilo, na nikiwa na nguvu naendelea barabara ya Tukuyu mpaka nichoke halafu narudi na Haisi.

Ila mwalimu mkuu wa miguu ni barabara ya Chunya. Unapanda Kawetere, unapanda tena, ukidhani umemaliza kumbe ndio kwanza kona ya tatu, unapita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na huko juu ukigeuka unaona bonde la Usangu lote limelala chini, asubuhi ya mwezi wa tano hewa ikiwa safi unaona mbali mpaka macho yanachoka. Kupanda kunatafuta pumzi lakini kushuka ndio kunaumiza mapaja, kwa hiyo shuka kwa hatua fupi.

Barabara kuu ya kwenda Tunduma siishauri kabisa. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo ni mengi usiku na mchana, na kuanzia Iwambi kushuka Mbalizi ni mteremko ambao breki zimeshakataa mara nyingi na watu wamekufa pale. Kama lazima upite barabara ya magari, kimbilia upande wa kulia ili gari inayokuja uione usoni, usiweke visikilizio masikio yote mawili, vaa nguo inayong'aa.

Dada huogopi kukimbia peke yako?

Naogopa, na kwa hiyo najipanga. Mwezi wa sita na wa saba jua huku linachelewa, linatoka karibu saa moja asubuhi, mimi siondoki nyumbani kabla sijaona mkono wangu vizuri. Mume wangu anajua njia ninayopita na saa ya kurudi, na wale mama wa mboga wa pale njia panda wananijua kwa jina, nisipopita wanauliza. Hiyo kwangu ni ulinzi kuliko kitu chochote. Mwanzoni vijana wa bodaboda walikuwa wananipigia kelele dada unakimbizwa na nani, nikaanza kuwasalimia kila nikipita, leo wao ndio wananiambia da usipite kule chini kuna mbwa wamefunguliwa. Navaa taiti na tisheti ndefu, na wazee nikikutana nao nasimama kabisa natoa shikamoo. Saa inayohesabu muda isimamishe tu, sekunde kumi hazikupunguzii kitu.

Kama wewe ni binti na unaanza, tafuta hata mmoja wa kukimbia naye. Usisikilize wanaokwambia kukimbia kunaharibu kizazi, nina watoto wawili na wa tatu nilikimbia naye tumboni mpaka mwezi wa tano, kwa ruhusa ya nesi wa kliniki.

Viatu unanunua wapi, vipya ni bei sana.

Mtumba, Mwanjelwa pale Sido. Ila kuna namna ya kuchagua. Usiangalie rangi, geuza uone soli imelika upande gani, kama kisigino kimoja kimelika sana acha, utarithi mwendo wa mtu mwingine. Halafu minya lile povu la katikati kwa dole gumba, likiwa gumu kama ubao kiatu kimeshakufa hata kama juu kinang'aa. Kiatu kizuri kinabeba kati ya kilomita 500 na 800 hivi, na cha mtumba jua tayari kimeshatumika sehemu yake. Chukua kilicho kikubwa kidogo, mguu unavimba ukikimbia muda mrefu, na kucha nyeusi zinatokana na kubanwa kwenye mteremko.

Unakula nini?

Tuna bahati jamani. Viazi mviringo vya kuchemsha, ndizi za Tukuyu, wali wa Kyela, maharage, parachichi la Rungwe. Usiku wa kuamkia mbio ndefu nakula viazi na maharage kidogo, asubuhi uji wa ulezi nusu kikombe na ndizi mbivu. Vile virutubisho vya dukani vya kuongeza nguvu sijawahi kuviona umuhimu wake kwa mtu wa kawaida.

Goti linauma nifanyeje?

Pumzika siku chache, na ukirudi punguza kilomita, wengi tunaumia kwa kuongeza haraka. Likivimba au likijifunga nenda kwa daktari.

Kamera unaibebaje ukikimbia?

Natumia kamera ndogo ya mkononi niliyonunua iliyotumika, inakaa kwenye kibegi cha kiunoni nimekikaza mgongoni, imevaa soksi ya mtoto ndani ya mfuko wa nailoni. Jasho na ukungu wa huku ndio maadui. Ukitoka kwenye baridi ya asubuhi ukaingia jikoni kwenye joto, lenzi inafunga mvuke mara moja, kwa hiyo iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ijizoeshe, kama nusu saa. Na masika, ile miezi ya kuanzia Novemba mpaka Aprili, usiiache kabatini bila vile vipakiti vya punje punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Nilipoteza lenzi moja kwa ukungu ulioota ndani kama utando wa buibui, niliumia sana.

Simu si inatosha?

Inatosha kabisa kwa mandhari na kwa watu waliosimama. Shida ni mtu anayekimbia, hasa asubuhi kabla jua halijakolea. Ili mguu usitoke umefifia unahitaji kasi ya kufunga jicho la kamera ya kama 1/500 ya sekunde au zaidi, na simu ikiona giza inaamua yenyewe kupunguza kasi. Dawa yake subiri mwanga, au isogeze simu ukimfuata mkimbiaji kwa kasi yake halafu bonyeza katikati ya mwendo bila kusimama, yeye anatoka safi na nyuma yake panaburuzika, picha inakuwa na uhai. Itakuharibikia mara ishirini ya kwanza, endelea. Na inama! Picha ya mkimbiaji ikipigwa toka usawa wa magoti inaonyesha mguu ulivyopaa, ukipiga umesimama wima watu wote wanaonekana wafupi.

Unaombaje ruhusa kupiga watu picha?

Nasalimia kwanza. Kwa mama wa Kinyakyusa pale Kiwira au Tukuyu nikisema ugonile tu tayari tumeshakuwa ndugu, nikienda upande wa Iringa na Njombe ni kamwene, halafu ndio naeleza mimi ni nani na picha ya nini. Akikataa nasema asante naondoka, sirudi kwa kuibia. Akikubali namwonyesha picha yenyewe, na nikisema nitamletea nakala namletea kweli, nimeshatembea mpaka Isongole kupeleka picha moja kwa bibi mmoja. Watoto siwapigi mpaka mzazi awepo.

Halafu kuna vitu hupigi tu bila kibali, kambi za jeshi, polisi, magereza, stesheni na madaraja ya reli. Naelewa wengi mnaipenda TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, hata mimi naipenda mno, ila nenda ofisini stesheni pale Iyunga uombe, ongea kwa heshima.

Na droni?

Inataka kibali, ikiwemo cha mamlaka ya anga. Sina droni na siitaki, mlima nimeupanda kwa miguu nitapiga picha nikiwa juu.

Mbona huweki picha za ajali, na wewe huwa unafika mapema?

Hili nalijibu kwa moyo wote. Asubuhi moja nilikuta lori limeangukia Haisi, nilikuwa wa nne au wa tano kufika. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wametoa simu wanarekodi na mtu anaomba maji. Kamera ilikuwa kiunoni kwangu na sikuitoa, nilishika mguu wa kijana mmoja tukafunga na kanga ya mama fulani mpaka gari ikapatikana. Jioni ile picha za marehemu zilikuwa zimeshazunguka kwenye magrupu kabla hata ndugu hawajaambiwa, na kuna mtoto alimwona baba yake kwenye simu ya jirani. Mimi siwezi kuwa sehemu ya hiyo. Ajali ni habari, barabara ina shida na lazima isemwe, nina picha nyingi za ule mteremko, alama za matairi, kingo zilizovunjika, foleni ya malori, hizo naziweka. Mwili wa mtu hapana.

Habari unazipata wapi na unajuaje ni za kweli?

Redio bado. Mwananchi na HabariLeo nasoma, Dira ya Dunia naangalia, na kila asubuhi nikimaliza kukimbia napita meza ya magazeti nasoma vichwa vya habari nikiwa nimesimama na wazee wa pale, ule mjadala wao una thamani kuliko gazeti lenyewe. Taarifa moja naitafuta sehemu mbili zisizochukuliana kabla sijaiamini.

Picha ndio nina utaratibu wangu. Kwanza plati namba. Kwetu gari binafsi ni njano, ya biashara nyeupe, zote zinaanza na T, ukiona picha inasemwa ni ya Tanzania na gari zinapita upande wa kulia wa barabara, funga mjadala. Pili mabango ya maduka, lugha gani, mtandao gani wa simu. Tatu mavazi na hali ya hewa, mtu anakutumia Mbeya ya Julai watu wako vifua wazi. Nne iweke ile picha kwenye Google utafute kwa picha yenyewe, mara nyingi utaikuta ya miaka mitano nyuma. Mkumbuke pia picha ikipita WhatsApp ile taarifa ya ndani ya tarehe na sehemu inafutika, kwa hiyo anayesema mimi nimeipiga leo mwambie akutumie faili lenyewe. Na sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo, kusambaza uongo kunaweza kukupeleka mahakamani.

Ilikuwaje ile siku ya Kawetere?

Jumapili Aprili 14, 2024. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwenda mbio yangu ndefu, nikasikia watu wanakimbia nje na sio kwa mazoezi. Udongo ulikuwa umeporomoka toka mlima Kawetere kwetu Itezi, tope zito na miti ndani yake, likafukia nyumba na kuingia mpaka shule. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa, na ilikuwa Jumapili, watoto hawakuwa madarasani, hilo nikilifikiria mwili unasisimka mpaka leo.

Ndani ya saa chache kwenye grupu la ukoo ikaja picha ya kutisha, magari yamepinduka kwenye tope, imeandikwa Mbeya leo, shangazi yangu yuko Songea akawa analia kwenye simu. Niliijua palepale, mlima wa nyuma haukuwa Kawetere. Ule mgongo nimeukimbia zaidi ya mara mia, najua unapopinda na miti inapoishia. Nilitafuta nikakuta ni picha ya Katesh, Hanang, maporomoko ya Desemba 2023 ambako watu wengi walipoteza maisha. Kwa hiyo waliokufa Hanang walikuwa wanatumika kutisha watu wa Mbeya. Nikaenda nikapiga picha ya kweli toka mbali, bila kusumbua waliokuwa wanatoa vyombo, nikamtumia shangazi, nikamwambia tuko salama na hivi ndivyo kulivyo.

Baadaye nilifungua picha zangu za Machi mwaka uleule. Kuna moja nilipiga nikivutiwa na mwanga tu, na ndani yake kuna ufa mdogo kwenye nyasi ambao sikuuona siku ile. Sijui kama ndio ulianzia pale, mimi sio mtaalamu wa miamba. Ila tangu siku hiyo kila picha naandika tarehe na sehemu, na kila baada ya mvua kubwa narudi sehemu zilezile, nikiona badiliko namwonyesha mwenyekiti wa mtaa.

Uliangalia Simbu akishinda?

Mbona swali hili naulizwa na kila mtu! Niliangalia. Septemba 15, 2025, marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo wao asubuhi sisi usiku wa manane, watoto wamelala nimepunguza sauti. Alphonce Simbu kijana wa Singida, shaba ya dunia alishaipata London 2017, wa pili Boston Aprili ileile ya 2025. Wakaingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, mita za mwisho kabisa Simbu akamfikia, wote wakamaliza na 2:09:48 na mimi nimesimama katikati ya sebule nimeshika mdomo. Tofauti 0.03 ya sekunde baada ya kilomita 42.195. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha.

Na aliyeamua ni kamera. Ile ya mstari wa mwisho haipigi picha kama zetu, inaangalia ule mstari mwembamba tu, inachukua vipande vyembamba sana maelfu kwa sekunde na kuvipanga kimoja baada ya kingine, kwa hiyo ukiiangalia toka upande mmoja kwenda mwingine hauoni nafasi, unaona muda. Na kinachohesabiwa ni kiwiliwili, kichwa na mkono havihesabiwi, ndio maana ule mwinamo wa mwisho una maana. Nilimwamsha mume wangu nimweleze, akanisikiliza mpaka mwisho, namshukuru.

Kitulo niende lini kupiga maua?

Desemba mpaka Machi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Utalowa, utasikia baridi mno, beba koti la mvua na betri ya pili maana baridi inazimaliza haraka. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili.

Unauza picha?

Hapana. Ukijiona kwenye picha yangu niambie nikupe bure.

Naweza kuja kukimbia na wewe?

Karibu sana. Jumapili, njia panda ya Uyole, upande wa barabara ya Tukuyu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita na wa saba tunasogeza mpaka saa moja. Tunakwenda kwa kasi ya aliye nyuma. Njoo na sweta la kuvaa tukimaliza, na hela ya chai na viazi, mama wa pale kibandani anatuwekea benchi.